Udongo wa Lita

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Mkoani, Pemba, ambako ukiusahau mpini wa jembe uani, ukirudi utaukuta umechipua. Maskat ameishi miaka mingi, lakini hadi leo hajasadiki kwamba hapa mtu huingia dukani, akatoa riyali, akanunua udongo. Tena udongo wenyewe huuzwa kwa lita, kama mafuta ya taa.

"Lita?" aliniuliza. "Kwani unamiminika?"

Namwelewa. Uani kwetu Al Khoud ukipiga jembe linatoa cheche. Chini ni changarawe za wadi zilizoshikana na chokaa, na kinachoota kwa hiari yake ni miba. Ndiyo maana mwenye hamu ya mchicha na bamia hujenga visanduku vya matofali juu ya ardhi. Kujenga si kazi. Balaa ni kujaza. Kisanduku cha mita 2 kwa mita 1, chenye kina cha nusu mita, kinameza lita 1,000, yaani mifuko 20 ya lita 50. Sisi tunavyo viwili. Tufanye mfuko ni riyali 2 na nusu: riyali 100 hizo, na jani hujala. Na ukisoma mfuko, unaweza kukuta mboji imechimbwa kwenye vinamasi vya Latvia. Udongo umetembea Ulaya kuliko mimi.

Baba watoto akasema anajua njia rahisi: lori la udongo wa shamba kutoka Barka. Dereva aliambiwa atafute geti la kijani. Jirani naye geti lake la kijani. Mzigo wote ukamwagwa nyuma ya gari lake, Ijumaa, adhana inakaribia. Mzee wa watu akaenda msikitini kwa miguu, na sisi tukashinda na toroli na aibu. Tulipouchekecha, karibu nusu yake ilikuwa changarawe. Tumelipia changarawe tuje tuzimwage juu ya changarawe!

Ndipo yakaja makumbi. Madukani huuzwa matofali ya usumba ulioshindiliwa, mengi kutoka India na Sri Lanka. Tofali la kilo 5 ukilirowesha hutoa lita kama 70, kwa bei isiyoumiza. Mama mkwe akaligeuza mkononi.

"Haya si makumbi?"

"Ndiyo, mama."

"Makumbi mnanunua?"

Sikuwa na jibu. Paje na Jambiani wanawake huyafukia pwani miezi, wakayaponda, wakasokota kamba. Leo yanarudi kwetu yamefungwa nailoni.

Usumba huroweshwa, tena husuuzwa, kwani huenda una chumvi. Kijana wetu aliona chombo pekee kinachotosha ni beseni la kuogea. Akatumbukiza matofali mawili usiku, akalala. Alfajiri baba yake akaingia kutawadha bila ya kuwasha taa, akapapasa bomba, mkono ukazama kwenye kitu chenye manyoya, kilichorowa, kilichojaa hadi ukingoni. Sijapata kusikia sauti ile kwake, hata siku ya kulipa ada za watoto. Fundi wa mabomba alitutoza zaidi ya bei ya usumba.

Kwa kweli aliyetuokoa ni mama mkwe. "Nani kakwambieni mchicha una mizizi ya mwembe?" akauliza. Akaamuru nusu ya chini ijazwe takataka: maboksi ya dukani, majani makavu, matawi ya mwarobaini na ya mkunazi. Juu yake samadi kuukuu ya mbuzi, nyingi, kwa sababu miti inapooza hunyang'anya naitrojeni, nayo imwagiwe maji mengi chumvi ishuke. Sentimita 20 za juu ndizo za usumba, mboji kidogo na ule udongo wa Barka uliochekechwa. Wifi yangu alitaka kuongeza mavi mabichi ya kuku. Yaliunguza miche na kuwafukuza wageni wa Idi, sina zaidi la kusema.

Kila mwaka takataka huoza, kisanduku hutitia, nasi hujazia juu kabla ya Oktoba, joto likipungua na msimu wa kupanda ukianza. Mifuko michache inatosha. Kwa hiyo, atakayepogoa mkunazi wake mitaa ya Al Khoud, tafadhali asiyatupe matawi. Aniwekee nje ya geti la kijani. La pili, si la jirani.