Jiji Janja Linapangwa Dukani Kwangu

Mpwa wangu amekuja likizo na ametuletea jiji. Sukari hakuleta, sabuni hakuleta, kaja na kompyuta mpakato, chaja, na kazi ya kikundi waliyopewa chuoni: wapange mradi juu ya changamoto za miji janja. Wako sita. Watano wametawanyika Dar, Mwanza na wanakokujua wenyewe. Wa sita kajipachika kwenye benchi la duka langu, pale alipotakiwa kukaa mteja wa soda.

Kwa asiyeijua Ipole: ukitoka Tabora ukapita Sikonge, unafika hapa barabara inagawanyika. Moja inakwenda Koga hadi Mpanda, nayo siku hizi ni lami. Nyingine inashika Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya. Tuna miombo, mizinga ya nyuki, tumbaku na asali. Foleni hatuna. Nikadhani kijana atapumzika na mambo ya mjini. Wapi!

Vikao vyao hufanyika kwa simu, spika imefunguliwa hadi mwisho, ili na wapita njia wasipitwe. Ajenda ya kwanza ilikuwa jina la kikundi. Walibishana hadi bando likakata, na bando lilikuwa langu. Ikafuata nembo. Ikafuata rangi ya jalada la ripoti ambayo haina hata sentensi moja. Lilipofika suala la nani ataandika nini, ghafla kila mtu akawa na imani kubwa na mwenzake.

Yuko binti mmoja ambaye akiulizwa habari ya sura yake, mtandao unasumbua. Ikitajwa habari ya chakula cha siku ya mawasilisho, mtandao unatulia. Yuko kijana ambaye mchango wake wote ni kidole gumba. Umesoma rasimu? Kidole. Utaanza lini? Kidole. Na yuko mheshimiwa mmoja aliyekwisha kutangaza: "Nyie andaeni, mimi nitawasilisha." Huyo atafika mbali, na sisi wenyewe ndio tutakaompigia kura.

Juzi mpwa akaniambia kwa furaha, "Mjomba, tumepata wazo! Tunaweka vihisio kwenye mapipa ya taka. Pipa likijaa, linatuma ujumbe."

"Linamtumia nani?"

"Mfumo, mjomba."

"Huo mfumo una lori?"

Akaangalia kompyuta kana kwamba jibu liko humo. Sasa mimi ni Mnyamwezi, na dampo kubwa la Dar es Salaam liko Pugu Kinyamwezi, kwa hiyo najiona nina haki ya kuuliza kwa niaba ya ukoo. Kutoka uswahilini hadi Pugu ni mwendo. Lori linataka dizeli, na kijana wa kupakia anataka glavu na ujira wake mwisho wa mwezi. Kwamba pipa limejaa, mtaa mzima unajua kwa pua tangu Jumatatu. Shida haijawahi kuwa ujumbe.

Wakaacha taka, wakahamia mafuriko. Hapo zikaombwa kamera, satelaiti na akili bandia. Nikamkumbusha kijana kwamba mabasi ya mwendokasi ya Dar yalianza kazi Mei 2016, na karakana yake iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, maji yamekuwa yakiingia karakana, na Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa pale pale. Bibi yeyote wa Magomeni angewaonyesha maji yanapita wapi, tena kwa kidole, bila kuchajiwa.

Na hili la kumuuliza bibi si utani wangu. Limeshafanywa, na waliolifanya ni wanafunzi. Mwaka 2011 wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Dar hiyo hiyo, na wakazi wa pale, wakachora ramani ya mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama uwanja mtupu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapita kata zinazofurika. Walifuata mtaro mmoja mmoja. Waliuliza wenyeji maji yalifika kiwango gani ukutani. Ramani wakaiweka wazi kwenye OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuiona bure. Walikuwa na droni pia, sikatai, lakini droni haivui viatu ikaingia uchochoroni kuuliza kama mtaro umezibwa na taka.

Nilipomweleza mpwa, akawapigia wenzake: nani yuko Dar, apite Jangwani apige picha? Mtandao ukasumbua kwa wote.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, maana kijana huyu ametoka kwenye watu waliokuwa mabingwa wa kazi za kikundi. Karne ya 19, sehemu kubwa ya biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, hapo Tabora, na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa mabegani mwa Wanyamwezi. Mtu mmoja kilo thelathini na kitu, pembe ya ndovu au robota la nguo, kwa wiki na wiki. Kirangozi anatangulia na bendera. Kila mmoja anajua mzigo wake, na mzigo wenyewe unaonekana. Hapakuwa na wa kutuma kidole gumba kutoka nyuma ya msafara. Posho ikichelewa waligoma, tena kwa umoja, na mwenye mali akabaki porini na pembe zake. Mwaka 1871 njia ya kwenda Ujiji ilipofungwa na vita vya mtemi Mirambo, msafiri Stanley alilazimika kuzungukia kusini, upande wetu huu. Mpango mzima ulibadilishwa na msafara ukafika. Hawa wa leo kubadili rangi ya jalada kumewachukua wiki.

Sipingi miji janja, nisieleweke vibaya. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa, na hata nyumba yangu ikapata namba. Naipenda namba yangu. Lakini waliozitoa walipita kwa miguu, mlango kwa mlango. Wenzetu Kenya waliutangaza mji janja wa Konza mwaka 2008, wakaweka jiwe la msingi Januari 2013, na ujenzi unaendelea mpaka leo. Kama serikali nzima inahangaika hivyo, vijana sita wenye vihisio vya kufikirika waanze na kitu kidogo kinachohesabika.

Nilimpa mpwa daftari la madeni, kurasa za nyuma, nikamtuma njia panda ahesabu malori: yanayokwenda Mpanda, yanayokwenda Rungwa, yanayosimama na mahali yanapoegeshwa. Alinuna. Jioni alirudi na vumbi na namba, akagundua kwamba malori yanaziba njia ya watoto wa shule kwa sababu hakuna aliyetenga eneo la maegesho. Changamoto ya mji hiyo, na hata mji wenyewe bado hatujawa. Akaituma kwenye kikundi. Majibu yalikuwa vidole gumba vitano, na mheshimiwa akauliza kama anaweza kuitumia kwenye utangulizi wake.

Wahadhiri mnaosoma safu hii, nina ombi moja. Kabla hamjagawa maksi, muulizeni kila mmoja peke yake alihesabu nini, wapi, na siku gani. Asiyejibu, jina lake lifutwe kwenye jalada, hata kama rangi aliichagua yeye.