Radhi kwa Kinywa cha Kasuku

Paliondokea kijiji cha wanyama huko pwani, kati ya mikoko na minazi. Shaaban ilipofika nusu, nyumba ya Bwana Fisi ikawa haikaliki. Kuta zinapakwa chokaa, mapazia yako kwa fundi, mikeka mipya inatandikwa. Mchele, sukari, unga wa ngano wa kaimati na sambusa, tambi, tende, pilipili manga ya uji, vyote viliingia ghalani kwa mgongo wa Punda, tangu alfajiri hadi magharibi.

Kitoto cha Fisi, kilichokuwa kikihesabu magunia, kikauliza, "Baba, huyu Ramadhani ni mgeni wa wapi? Mbona anakula kutushinda sisi?"

"Nyamaza, mwanangu. Tunajiandaa kiroho," akajibu Bwana Fisi, kisha akamwamrisha Punda akaze mwendo.

Punda hakuwa amelipwa kwa miezi mitatu. Kila akidai, Bwana Fisi humpigapiga begani. "Subira, ndugu yangu. Usiku wa ishirini na saba nitakukumbuka kwa sadaka. Thawabu zake ni nyingi." Jasho la Punda lilikwisha kauka na kutoka tena mara nyingi, naye akarudi kubeba tende.

Ng'ambo ya njia, Mwalimu Kobe alikuwa ameanza maandalizi tangu Rajabu, maana aujua mwendo wake. Hakununua kitu. Jioni baada ya darsa aliwakalisha wanawe jamvini akawauliza mmoja mmoja: una cha nani mkononi, na nani umemnunia? Mdogo akatoa gololi za mtoto wa Sungura. Wa kati akakiri kwamba alimsingizia Kima wizi wa maembe. Bi Kobe alikuwa na deni la saumu za mwaka uliopita. Akazilipa moja baada ya moja, Shaaban haijaisha. Kisha wakatoka wote, mlango hadi mlango, kurudisha vya watu na kuomba radhi. Kwa Kima iliwabidi wakae chini ya mwembe hadi jua likazama, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bado na hasira na hataki kushuka.

Habari zikamfikia Bi Fisi, naye hakupenda kupitwa. Lakini atapata wapi wasaa wa kuzunguka na majumba ya watu, na vitunguu havijakaangwa? Akamwita Kasuku, akamkaririsha: "Kwa mwezi huu mtukufu unaotukabili, nawaomba radhi nyote niliowakosea kwa kujua na kwa kutojua."

Kasuku akaruka. Adhuhuri haijaingia, kijiji kizima kilikwisha ombwa radhi. Kwa Bi Kanga, ambaye mpaka wa kiwanja chake ulisogezwa usiku na jirani yake Fisi, Kasuku alitua dirishani akasema yote bila kukosea hata neno.

"Nimesikia," akasema Bi Kanga. "Mimi amenikosea nini?"

"Hilo sikufundishwa."

"Na ule mpaka, ataurudisha?"

Kasuku akakohoa, akaanza upya: "Kwa mwezi huu mtukufu unaotukabili..."

Siku ya vunja jungu, kwa Fisi walikula hadi wakashindwa kuinuka. Mwezi ukaandama, saumu ikaanza. Bwana Fisi alilala mchana kutwa, akaamka kwa adhana ya magharibi. Sinia likawekwa, mihogo ya nazi inafuka moshi. Bi Fisi anawagombeza wapishi, kijana mkubwa hasemi na baba yake, kitoto kinautazama mlango. Bi Kanga hakuja kufuturu hata siku moja. Alikaribishwa, naam, kwa kinywa cha Kasuku.

Usiku wa ishirini na saba, baada ya tarawehe, Bwana Fisi akawazuia majirani mbele ya msikiti. Akainua bahasha nyeupe ili hata walio nyuma waione. "Jamani, huyu Punda ni maskini wetu. Mimi si mtu wa kujitangaza, lakini..."

"Masha Allah!" wakaitikia.

Punda akaipokea, akaifungua papo hapo, akahesabu noti kwa sauti hadi ya mwisho.

"Alhamdulillahi," akasema. "Huu ni ujira wangu wa ile miezi mitatu, haukuzidi wala haukupungua. Shaaban bado nadai, na mwezi huu bado nadai. Hiyo sadaka, Bwana, tutaizungumza deni likiisha."

Hakuna aliyesema Masha Allah tena. Kasuku, aliyekuwa juu ya mnara, aliyashika maneno hayo kwa kuyasikia mara moja tu, na asubuhi, bila kutumwa na mtu, akayapeleka nyumba kwa nyumba. Safari hii, Bi Kanga alipouliza ni nani aliyekosewa na amekosewa nini, Kasuku alikuwa na jibu.