Mgonjwa wa Kochini

Wenzangu mliojaliwa watoto wenye vipaji, poleni. Wangu mkubwa, Daktari Bingwa, amenogewa na Star Trek: Voyager, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa 1995 hadi 2001. Humo mna kidude fulani: mgonjwa akizimika ubongo, anabandikwa nacho kichwani, kinabonyezwa, ubongo unarudi kazini. Tabibu wao mwenyewe si mtu, ni taswira ya mwanga iliyoundwa na kompyuta, ila maringo anayo ya kutosha. Mwanangu kayachukua yote.

Basi Jumapili nimeshiba pilau, nimejilaza kochini. Nyumbani kwangu baba akifumba macho anahesabika mahututi.

"Baba kazima!"

"Kwani lini aliwaka?" akajibu Waziri Mkuu, mama yao, toka jikoni.

Nazinduka, kizibo cha soda kimeganda kwenye paji la uso kwa supaglu, betri ya rimoti imepigwa plasta juu yake, na Kidawa Mdomo, mdogo wa Daktari Bingwa, ananipima masikio kwa vichupa vya chumvi vya harusi yetu. Vile visivyoguswa mpaka waje wageni!

Nikafoka kuhusu vichupa. Kumbe mtoto ana ushahidi. Eti Star Trek ya kwanza, ile ya 1966, walinunua vichupa vya chumvi vya umbo la ajabu kwa ajili ya kipindi kimoja, wakaona watazamaji hawatajua ni nini, ndipo vikageuzwa vyombo vya tiba vya Daktari McCoy. Na ni kweli. Hapo utabisha nini?

Aliyekuja mbio kuniokoa ni mama mkwe, Jaji Mkuu. Nikaguswa moyo, hadi nilipoona anabandua plasta, anachukua betri, anaondoka. Tamthilia yake ya Kituruki ilikuwa inaanza. Kizibo aliniachia, na agizo la mafuta ya nazi.

Kilitoka magharibi, kikaniachia duara lenye meno. Kidawa akasema napendeza. Jaji Mkuu, tamthilia ilipokwisha, alishakaa pale pale kochini, mguu kaunyoosha: goti lake nalo limezimika, atibiwe.

Usiku maharage yakaja chapwa. Nikaomba chumvi.

"Vyombo viko kwenye upasuaji wa Bibi," akasema Daktari Bingwa.

"Kula hivyo hivyo," akadakia Waziri Mkuu, "una presha."