Neno la Herufi Tano Linaloanza na K

Orodha ya maneno ya Kiingereza iliyopangwa kwa herufi ya kwanza na kwa urefu ni zana ya kufundishia yenye gharama ndogo. Huhitaji karatasi ya manila, rula, kalamu ya wino mzito na mtu mwenye mwandiko. Safu za wima huanzia A hadi Z. Mistari ya mlalo ni herufi mbili, tatu, nne, tano na kuendelea. Anayetaka neno la herufi nne linaloanza na B hufuata safu, akakuta *book*, *ball* na *bird* yamekaa kwa adabu. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, anayelihitaji zaidi bango hili ni mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anajiandaa kwa kidato cha kwanza, ambako usanisinuru aliokwisha kuuzoea utaitwa *photosynthesis*. Bango humtuliza. Humwambia kwamba kimombo ni kama duka lenye rafu, kila kitu mahali pake. Utulivu huo haumalizi muhula.

Ajali ya kwanza hutokea kwenye K. Mtoto wa huku ana K za kugawia majirani. Mkoa ni Kagera, mji wa wilaya ya Karagwe ni Kayanga, na kata ni Kihanga, Kituntu, Kiruruma, Kaisho, Kimuli, Kikukuru. Hata Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012 kuwa wilaya yake, kila upande uliondoka na K yake. Akiulizwa neno la herufi tano linaloanza na K, mtoto hujibu “Kyerwa” bila kusita, na hukosa mara mbili: lina herufi sita na si Kiingereza. Akigeukia bango, alipotarajia ghala anakuta kibanda. *Knife*, *knock*, *kneel* na *known* yote yanaanza na K isiyotamkwa, sawa na mjumbe anayesaini posho na kukaa kimya hadi kikao kifungwe. Mengine ni wapangaji: *khaki* lilitoka Kiurdu, *kiosk* na *kebab* yalipitia Kituruki. K nyingi zenye sauti zimejificha kwenye C, pamoja na zao linalomlipia mtoto huyo karo. Akiliandika *coffee* kama alivyolisikia, hupata “kofi”. Na zamani alikuwa akilipata kweli.

Ajali ya pili ni ya sikio. Bango hupanga maneno kwa jicho, lakini mwalimu wa imla hayaonyeshi, huyatamka. *Hour* husikika A na hukaa H. *Phone* husikika F na hukaa P. *Wrong* husikika R na hukaa W, kwa hiyo neno lenyewe la kumwambia mtu amekosea humkosesha. Kwa mzawa wa Karagwe kuna nyongeza: Kinyambo, lugha ya wenyeji, hakiweki mpaka mkali kati ya L na R, na ulimi uliolelewa nacho huzipokea herufi hizo mbili kama mtu na pacha wake. Kwenye bango, *rice* na *lice* yanatenganishwa na safu tano, lakini mdomoni yanalala chumba kimoja. Yote yana herufi nne, na tofauti yao ni ile herufi moja tu ambayo ulimi hauijali. Ndiyo sababu ubao wa mgahawa mmoja wa kando ya stendi uliwahi kutangaza kwa chaki, kwa hati nzuri, *lice and beans*. Wateja walikula wakashiba, kwa kuwa chakula kiliagizwa kwa Kiswahili. Aliyesoma ubao ni mgeni mmoja tu, naye aliomba maharage peke yake.

Ajali ya tatu ni ya picha. Kila herufi ya bango la watoto wadogo hupewa mchoro, na michoro hiyo ilichaguliwa mbali na hapa. A ni *apple*, tunda ambalo mtoto wa Kyerwa hulijua kwa bei yake kuliko kwa ladha yake. B ni *banana*, naye hapo huona Kiingereza kimekuwa bahili: nyumbani kuna ndizi za kupika, za kuchoma, za kuivisha na za kukamulia pombe ya rubisi, na zote zimesukumwa ndani ya neno moja la herufi sita. Z ni *zebra*, na hapo hakuna mgogoro, maana punda milia ni mnyama wa nchi hii. X ndiyo huleta kimya. Mchoro ni wa *xylophone*, vipande vya ubao vilivyopangwa kutoka kirefu hadi kifupi. Darasa zima hukitambua chombo hicho mara moja na kwa uhakika: ni ngazi ya kupandia kuku.

Ajali ya nne ina mizizi mirefu kuliko zote, kwa sababu inatoka kwenye umbo la lugha zenyewe. Nomino za Kinyambo karibu zote hutanguliwa na irabu: *omuntu*, *abantu*, *ekitabo*, *ente*, *enju*, *amaizi*. Bango la Kinyambo lingekuwa na safu tatu zilizojaa pomoni, A, E na O, na nyingine tupu kama darasa siku ya gulio. Tena neno lenyewe halitulii: mtu akiwa peke yake hukaa O, wakiwa wawili huhamia A. Kiswahili nacho hutoa kitabu kwenye K na kupeleka vitabu kwenye V. Vitenzi pia hubadilika mbele, na ndiyo maana kamusi huviorodhesha kwa mzizi, ili anayetafuta “kusoma” aende S. Maneno yetu huota kichwani. Ya Kiingereza mengi huota mkiani. *Book* likiwa *books* halihami B, linaongezewa chumba cha uani tu. Mtoto asiyeambiwa siri hii hujenga wingi upande aliouzoea, akaandika *mateacher*, kisha akashangaa kwa nini halimo kwenye M.

Urefu nao una ajali zake. “Hatutawasomea” ni neno moja la herufi 13. Kwa Kiingereza huwa maneno sita, *we will not read to them*, na hakuna hata moja linalozidi herufi nne. Aliyelelewa na maneno ya aina ya kwanza, na kata zenye majina kama Kitwechenkura, haogopi urefu. Humeza *photosynthesis*, herufi 14, kwa siku moja. Hata neno maarufu la herufi 45, *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*, lililotungwa Marekani mwaka 1935 na mpenzi wa mafumbo ya maneno, Everett Smith, lina maana moja tu: ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini. Ugonjwa humaliza pumzi ya mgonjwa, jina humaliza ya msomaji, na hapo habari yake imekwisha.

Hatari iko kwenye mistari ya juu kabisa ya bango, kwenye herufi mbili na tatu, ambako kila mtu hupita mbio. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililoandikiwa maelezo marefu kuliko yote ni *set*, lenye maana zaidi ya 400. Mambo huwa mabaya zaidi maneno mafupi yanaposhikana mikono. Katika mahafali ya shule moja, msoma risala aliteleza vizuri juu ya *environment* na *responsibility*, akanyamaza kupisha makofi. Mgeni rasmi akamtia moyo: *Carry on!* Kijana aliyajua yote mawili: la kwanza ni kubeba, la pili ni juu ya. Akaibeba risala juu ya kichwa, akasimama wima kusubiri maelekezo zaidi.

Kwa hiyo bango lina kazi yake, na kazi hiyo ni tahajia. Hufundisha neno linaandikwaje. Halifundishi linasikikaje, wala linabadilikaje likikutana na jirani yake. Neno jipya litamkwe kwanza, liandikwe ndani ya sentensi, lisomwe kwa sauti na darasa zima, ndipo herufi zake zihesabiwe.