Gunia Ruksa, Kijiko Marufuku

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mbegu, Mimea na Vifurushi,
Nairobi.

KUH: KIJIKO KIMOJA CHA CHINSAGA

Waheshimiwa,

Wakulima wa Kisii na Nyamira wanawapongeza. Wanakiri kwamba hakuna wakubwa wengine waliowahi kumchukulia mama mkongwe wa Borabu kwa uzito mliomchukulia nyinyi. Machifu wa mkoloni walimwona mlipa kodi tu. Wanasiasa wanamwona kura moja, inayonunuliwa kwa leso moja kila baada ya miaka mitano. Ni nyinyi peke yenu mliotambua kwamba mwanamke huyu, aliyefunga mbegu za chinsaga kwenye pindo la leso hiyo hiyo ili ampelekee bintiye Kitengela, ni mhalifu anayestahili faini ya shilingi milioni moja.

Kwa faida ya maafisa waliolelewa kwa sukuma wiki, chinsaga ni mboga chungu kidogo inayopikwa kwa maziwa, ikaachwa ilale, ikapashwa tena kesho yake. Mzazi aliyetoka kujifungua Gusii hapewi supu tu. Analishwa chinsaga mpaka ajisikie kusimama. Mbegu zake ni nyeusi, zina mikunjo, ndogo kama baruti, na kijiko cha chai kinabeba maelfu. Huo ndio mzigo unaojadiliwa katika barua hii.

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilitungwa mwaka 1972, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuichukia dhamira yake: mkulima asiuziwe mahindi ya posho yaliyopakwa rangi ya dawa yakaitwa mbegu. Mchezo huo upo hadi leo. Ndiyo maana pakiti ndogo za madukani zina kibandiko cha kukwangua, na mnunuzi anatuma nambari kwa ujumbe wa simu kwenda 1393 apate kujua kama pakiti ni halali. Wakulima wanashukuru. Ila marekebisho ya 2012 yaliukaza wavu hadi ukanasa dagaa. Kuuza au hata kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa wala kuthibitishwa kukawa kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Mbegu za mama wa Borabu hazina kibandiko cha kukwangua. Kibandiko chake ni jina lake; akikupa mbegu mbovu unajua nyumba yake ilipo, na matanga yanayofuata mtakutana.

Ilibidi wakulima 15 wafungue kesi mwaka 2022 katika Mahakama Kuu ya Machakos. Tarehe 27 Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuhifadhi na kugawana mbegu zake vinakiuka Katiba. Gusii walipoisikia habari hiyo redioni, wengine walishangaa. Hawakuwa wamejua kwamba tangu marekebisho hayo walikuwa wakivunja sheria kila siku ya soko pale Daraja Mbili, hadharani, mchana kweupe, na askari wa kaunti akinunua.

Basi mama yuko huru. Ameketi na kijiko chake. Sasa akitume vipi?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na wengi wao sanduku la posta wanalijua kwa kuazima. Anwani ya mtu wa kijijini ni sanduku la shule ya msingi, la kanisa, au la kiwanda cha chai. Barua inafika Nyamira 40500 na kulala hapo mpaka mwalimu mkuu apate shughuli nyingine ya kumpeleka mjini. Inapanda bodaboda. Inatangazwa kwenye gwaride la Ijumaa, mtoto anaitwa mbele, anakabidhiwa bahasha ampelekee babu, na njiani kuna mpira wa kuchezwa. Mahindi ya mvua ndefu hupandwa Februari na Machi. Mbegu zikiingia nyumbani Mei, kuku watashukuru. Ya Keroka 40202 ni kisa kingine. Posta iliupa mji ule msimbo mmoja, huku kaunti mbili zikiuvutana kama mali ya urithi, na mchuuzi wa mboga akibaki kuuliza ushuru wa leo unalipwa upande gani wa barabara.

Ni kweli kwamba tangu 2016 kuna huduma ya kugeuza nambari ya simu kuwa anwani, na ni ubunifu wa Wakenya wenyewe. Ujumbe unaingia: kifurushi chako kimefika. Kimefika posta. Mama yuko kwake, na nauli ya kwenda na kurudi inanunua mbegu alizotumiwa na chenji inabaki.

Hata hivyo posta ipewe haki yake. Mbegu za chinsaga zikitoka tu shambani huota kwa shida. Zinataka kupumzika miezi mitatu hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo ziamke. Kwa hiyo kifurushi kinachokaa ghalani robo ya mwaka hakijacheleweshwa, kimeivishwa. Waheshimiwa wanaweza kuitangaza huduma hiyo rasmi na kuitoza ada.

Wakati huo huo mbegu zinasafiri kwa matatu. Fika steji ya Kisii alfajiri uone. Boksi la mafuta ya kupikia limefungwa kwa utepe wa gundi, juu limeandikwa kwa kalamu nene jina la mpokeaji na nambari ya simu. Kilichomo kimetajwa kuwa VYAKULA, maana neno MBEGU linaleta maswali. Mtumaji anapiga picha ya nambari ya gari, anaituma kwa WhatsApp, anamwekea kondakta hela kwa M-Pesa, na kazi imekwisha. Gari linapita Narok, zaidi ya kilomita 300, na kabla ya jioni binti wa Kitengela anapigiwa simu: mzigo wako huu, fanya haraka, tunageuza. Kisheria, anayebeba vifurushi kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kondakta ana sare ya maruni aliyovishwa na kanuni za matatu za waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, na kwa wateja wake hiyo inatosha.

Inatosha kwa kasi. Kwa usalama wa mbegu, hapana. Boksi limewekwa juu ya kifuniko cha injini. Mtaalamu wa mbegu wa California, James Harrington, aliacha kanuni ambayo mabenki ya mbegu huitumia hadi leo: punguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, au joto la ghala kwa nyuzi tano za Selsiasi, na umri wa mbegu unaongezeka maradufu. Ukienda kinyume, nao unapungua vivyo hivyo. Mama wa Borabu hajamsoma Harrington, lakini mashuke yake ya wimbi yananing'inia juu ya meko na maharagwe yake yamechanganywa na jivu kavu. Benki ya Jeni ya Kenya, pale Muguga, hufanya jambo lile lile kwa mashine na umeme. Mbegu aliyoikausha mwezi mzima inakwenda kuchemshwa kwa muda wa saa saba juu ya injini kwa sababu njia halali haimjui.

Sasa mvusheni mpaka mama huyu. Binti yake mwingine yuko Minnesota, jimbo lenye Wagusii wengi kiasi kwamba mazishi ya Nyamira huchangiwa kutoka huko kabla majirani hawajajua aliyefariki. Anataka chinsaga ya nyumbani. Ili bahasha yake itoke Kenya kihalali, mbegu zikaguliwe na KEPHIS, shirika lililoundwa mwaka 1996 kulinda afya ya mimea, na zipewe cheti. Ili bahasha nyingine iingie Kenya kutoka huko, kibali kitangulie kabla haijatumwa, kisha cheti cha nchi inakotoka kiandamane nayo. Mwenye tani ishirini za mbegu kwenye kontena anaombwa karatasi hizo. Mwenye kijiko naye anaombwa hizo hizo. Usawa mbele ya sheria haujawahi kutimizwa kikamilifu namna hii popote Kenya.

Wamarekani, watu wasiosifika kwa upole mpakani, waliutafutia ukuta huu mlango mdogo. Tangu 2006 wana kibali cha mbegu kidogo. Mtu anakiomba, anapewa lebo, na anayetuma hahitaji cheti cha afya ya mimea. Kila pakiti isizidi mbegu 50 za aina moja au gramu 10. Pakiti zisizidi 50 kwa safari moja. Kila pakiti iandikwe jina la kitaalamu la mmea, nchi unakotoka na aliyetuma. Pasiwe na udongo wala dawa. Zipo aina zilizokatazwa kabisa, hizo hazipiti. Bahasha haiendi kwa mpokeaji moja kwa moja, inapitia kituo cha ukaguzi kwanza. Yaani mkaguzi anaziona mbegu, na binti anazipata. Mambo mawili ambayo Nairobi huaminika kuwa hayawezi kutokea siku moja.

Na ukaguzi una maana, hilo halihitaji kejeli. Septemba 2011, mahindi ya Bomet yalianza kukauka kuanzia majani, mabua yakabaki bila punje. Ulikuwa ugonjwa wa virusi viwili vikishirikiana, unaobebwa na wadudu na, kwa kiasi kidogo, na mbegu zenyewe. Bomet inapakana na Borabu. Mama mkongwe aliuona ukivuka mpaka, na msimu ule alilisha ng'ombe mabua yaliyotakiwa kumlipia mjukuu karo. Hahitaji semina ya kuelezwa kwa nini mbegu za kigeni zichunguzwe. Anachouliza ni mkaguzi anakagua nini, ikiwa kila mwenye mbegu ameshajifunza kuandika VYAKULA.

Mwaka 2020 dunia ilipewa somo hilo. Watu katika majimbo yote 50 ya Marekani walipokea pakiti za mbegu ambazo walisema hawakuziagiza, nyingi zikiwa na mihuri ya posta ya China, na juu zimetajwa kuwa vito vya mapambo. Uchunguzi ulielekea kuonyesha hila ya wauzaji wa mtandaoni waliotaka kujazia hesabu za mauzo. Fomu ya forodha ya posta, ile ndogo ya CN22, inamtaka mtumaji ataje kilichomo, uzito na thamani. Walioandika vito walipita. Angeandika mama, kwa mwandiko wake wa gumbaru, MBEGU ZA MBOGA, ingekuwaje? Uaminifu wake ndio ungemkamatisha.

Wanaodhani kijiko ni kitu cha kupuuzwa waulize Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilivyofika pwani yetu vikiwa hai vilikuwa 62. Zao lililoilisha Tanganyika hadi baada ya uhuru lilitokana na hao manusura 62, na hekaya moja inasimulia kwamba vilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Hapo ndipo mtu anapofikishwa na kanuni zisizo na mlango mdogo. Gusii hakuna mamba wa kutosha.

Ombi, basi, ni fupi. Wekeni kibali cha mbegu kidogo cha Kenya, chenye kikomo cha gramu, cha mboga na nafaka za asili kwanza: chinsaga, managu, terere, nderema, wimbi. Mkaguzi mmoja akae posta ya Kisii siku ya soko, akiwa na kioo cha kukuzia, mizani na muhuri. Chumba kipo, barua zilishakihama. Chapisheni pia bahasha yenye maelekezo kwa Kiswahili na Ekegusii, maana wanaotuma mbegu hawasomi Gazeti Rasmi. Yaandikwe waziwazi: mbegu zikaushwe mpaka zisipinde zikiumwa, zifungwe kwa karatasi, si nailoni, kwa sababu unyevu uliosalia ndani ya nailoni unageuka ukungu, zizungushiwe kadibodi ili mashine ya mihuri isisage maharagwe, zipepetwe jivu lote, kwani machoni pa mkaguzi wa ng'ambo jivu la meko ya mama ni uchafu usiojulikana, jina na tarehe ya kuvuna viandikwe ndani na nje. Na kifurushi kisiwekwe juu ya injini, awe anakibeba mtu wa posta au wa matatu.

Mkikubali, kondakta atapoteza wateja kidogo. Ameulizwa, akasema hana neno, maana boksi la ndizi analipisha zaidi.

Wenu watiifu,
Wakulima wa Kisii na Nyamira,
kwa sanduku la shule.

Nakala: Afisa wa forodha atakayeifungua bahasha hii. Pakiti iliyoambatanishwa ni chinsaga, kavu, bila jivu, mbegu 50 kamili. Zimehesabiwa na mjukuu wa Gredi ya Sita, na nyanya yake akazihesabu tena.