Samaki Hafiki VIP

Shemeji yangu anauza vitenge Butembo, na tangu aanze kupanda ndege kwenda Guangzhou kuchukua mzigo, hawezi tena kutafuna mbele za watu. Mkahawa hata uwe mtupu, yeye huuliza kwanza, "Hamuna pembeni?" Pembeni ndiyo VIP. Sijui tabia hii aliiokota wapi, kwa sababu huko China kwenyewe, kwa maelezo ya kinywa chake, alikuwa anakula wali wa boksi amesimama ghalani huku anahesabu marobota.

Ni yeye aliyenipa habari za Club 33. Huko California, ndani ya bustani ya michezo ya Disneyland, kuna mkahawa wa wanachama tu. Walt Disney aliupanga mwenyewe, akafariki Desemba 1966, mkahawa ukafunguliwa mwaka 1967 bila yeye. Kiingilio ni makumi ya maelfu ya dola, ada ya kila mwaka ni juu yake, na kabla hawajazipokea pesa zako unaweza kungoja miaka kwenye orodha. Chakula chenyewe unakilipia tena. Kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2019, ndipo mahali pekee ndani ya bustani ile palipouzwa pombe, na mgeni wa kawaida hakuruhusiwa kuingia. Fikiria Beni yenye baa moja, na hiyo moja inataka kadi. Kesho yake tungetangaza ville morte, mji mzima ufunge milango.

"Sasa hiyo inalipa kweli?" nilimuuliza.

"Shemeji, wewe ni mwalimu," akanijibu kwa huruma. "Mambo haya yaache."

Sikuyaacha. Nilikuja kusoma kwamba wanandoa fulani walifukuzwa uanachama huo mwaka 2017. Wakaenda mahakamani, wakatumia kiasi cha dola 400,000 kwenye kesi, na mwaka 2024 wakashindwa. Dola 400,000 ili mtu arudishiwe ruhusa ya kununua chakula! Kwa pesa hizo, kule Butembo ungesimamisha jengo barabarani kabisa, chini ukafungua mkahawa wako mwenyewe, na kila asubuhi ukamfukuza unayemtaka.

Lakini tusiwacheke Wamarekani mapema. Siku moja nilipanda kutoka Beni kwenda Butembo, zile kilomita hamsini na kitu, shemeji akasema leo nitakula kama mtu. Alitoa kadi ya uanachama ya mahali fulani mjini (jina nalihifadhi, mpishi hana kosa). Ilikuwa ya plastiki, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na jina lake lilikuwa na herufi moja isiyo yake. Kijana wa mlangoni aliikagua mbele na nyuma kama askari wa mpakani Kasindi anayekagua pasipoti, halafu akatufunulia pazia.

Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Jioni ikifika watu wanavaa koti, na wauza chai wanapata riziki yao. Ndani ya VIP kulikuwa na kiyoyozi, tena kilikuwa kinafanya kazi. Shemeji alisugua mikono, akasema, "Unasikia hewa hiyo?" Niliisikia mpaka kwenye mifupa. Kochi lilikuwa chini, meza ya kioo ilikuwa chini zaidi, na kumega bugali wa muhogo ukiwa umekunjwa hivyo, magoti yakikaribia masikio, si kazi ya mtu aliyevuka miaka arobaini. Nyuma ya ukuta wetu ndipo walipoiweka jenereta. Nilisema, "Ongeza pilipili." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akanijibu kwamba ndiyo, dola imepanda.

Tuliagiza tilapia wa Kyavinyonge, samaki wa Ziwa Edward, aliyefika asubuhi hiyo hiyo. Nilimwona kwa macho yangu tulipokuwa tunapita jikoni, amelala kwenye beseni na wenzake. Mhudumu akaandika, akatoka, pazia likafunga. Hapo ndipo nilipoielewa kasoro kubwa ya VIP: haioni jiko. Waliokaa ukumbini wanauona mlango wa jikoni. Sahani ikitokeza tu, wana macho ya kuifuata na mikono ya kupunga, na hakuna mkahawa usio na mzee mmoja anayemwita mpishi kwa jina la utotoni. Sisi tulikuwa na maua ya plastiki.

Baada ya muda mrefu sana pazia lilifunguka.

"Papa, samaki imeisha. Iko kuku."

"Lakini tumeikuta."

"Ndiyo, papa. Batu ba kule mbele bamemaliza."

Kuku alikuja. Alikuwa mzee aliyeona mengi. Ikafuata hesabu, kwa dola, maana VIP haihesabu kwa franka. Shemeji akatoa noti ya 20. Asiyeijua nchi yetu aelewe kwamba dola ya Kongo haizeeki: ikipata mchaniko mdogo pembeni, hata wa kutafuta kwa miwani, imekufa. Mhudumu aliinyanyua kwenye taa, akapitisha kidole ukingoni, akasimama. "Papa, hii imepasuka." Akaitwa mkubwa wake, naye akapitisha kidole. Akaitwa wa tatu. Mahali palipomtambua shemeji kwa kadi yenye jina la mtu mwingine palikataa kumtambua George Washington wa kila mtu, samahani, kwenye noti ya 20 ni Andrew Jackson. Kwa mwalimu hao wote ni wageni wa nadra. Basi nikalipa mimi kwa franka zetu, rundo la noti laini zenye harufu ya samaki na moja iliyoungwa kwa gundi, na hakuna aliyezitazama mara mbili. Mwalimu wa Beni akawa amemlisha mfanyabiashara wa Guangzhou ndani ya VIP ya Butembo.

Bustani ya michezo kama ile ya Disneyland sisi hatuna. Bustani tuliyo nayo ni Virunga, ya mwaka 1925, ya kwanza kuitwa mbuga ya taifa katika Afrika, na wanaocheza humo ni viboko. Hata hivyo, kwa habari ya kula bustanini tumewatangulia California mbali sana. Pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, watu walikuwa wanakula samaki miaka kama 20,000 iliyopita. Vyusa vyao vya mfupa vimechimbuliwa. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuta hapo mfupa mdogo uliochorwa mistari kwa makundi, ambao sasa umehifadhiwa Brussels. Wataalamu wanabishana: huyu anasema ni hesabu, yule anasema ni kalenda ya mwezi. Mimi niliyekulia kati ya wenye maduka naona ni deni. Mtu alikunywa, akaahidi kulipa, mwenye baa akachora. Na VIP haikuwepo, kwa sababu madeni yote yamechorwa kwenye mfupa mmoja.

Kadi ya kulia chakula waliileta wengine. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na klabu zao, cercle, ambamo Mkongo aliingia akiwa amebeba sinia. Mwaka 1948 ikaanzishwa carte du mérite civique kwa Wakongo walioitwa évolués, yaani "walioendelea", na mwaka 1952 ikaja immatriculation, ngazi ya juu zaidi. Kabla hujaipata, wakaguzi walikuja mpaka nyumbani: wanatazama nyumba ilivyopangwa, wanatazama familia inavyokula, kama mnakaa mezani, kama uma upo na unatumika. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Shemeji angeanguka kwenye mtihani huo asubuhi kabla ya chai, maana bugali kwa uma hajaweza hadi leo. Mimi pia sioni sababu ya kuweza.

Ebola nayo ilikuja na kadi zake. Ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikakaa nasi hadi Juni 2020, ikatuchukulia zaidi ya watu 2,200. Hilo halina mzaha. Lakini nani wa Beni au Butembo amesahau beji za Riposte, wale waliokuja kupambana na Ebola? Beji ikitokeza mlangoni, bei ya kuku ilikuwa imepanda kabla mwenye beji hajavuta kiti. Chumba cha pembeni kilikuwa chao. Pale nje tu, kwenye ndoo ya maji ya klorini na kijana mwenye kipimajoto, ndipo hapakuwa na pembeni: mwenye Land Cruiser na mwenye baiskeli walinawa maji yale yale na kutoa paji la uso kwa zamu.

Sasa nije kwenye VIP ambayo hatuikwepi hata tusipokuwa na senti, nayo ni ya arusi. Karatasi ya mwaliko inakuja imeandikwa pembeni kwa kalamu: VIP. Mama watoto anaizungusha mtaani wiki nzima. Siku yenyewe, kijana wa protokole aliyevaa glavu nyeupe anakuongoza kupita meza zote za binamu zako, anakuketisha mbele kabisa, chini ya taa, karibu na spika. Kiti kina kitambaa na utepe. Binamu wanakutazama. Unajisikia vizuri kwa muda wa kama nyimbo mbili.

Halafu unagundua sheria. Meza ya VIP haiguswi mpaka mheshimiwa afike, na mheshimiwa yuko njiani tangu mchana. Kule nyuma wali umeshapita. Mtoto wa jirani yako anakatiza mbele yako na paja la kuku mkononi, anakuamkia kwa adabu, "Shikamoo, papa," na mafuta yanadondoka karibu na kiatu chako. Huwezi kwenda kuomba sahani nyuma, umevaa tai. Mheshimiwa anafika, hotuba inaanza. Chakula kinaletwa, na mpiga video naye analetwa, anaisogeza taa yake hadi mdomoni mwako, na hakuna aliyewahi kuvunja mfupa kwa heshima huku anarekodiwa. Unakula kijiko cha wali na jani la saladi.

Na hujalipa bado. Muziki unabadilika, mwongozaji wa sherehe anachukua kipaza sauti: zawadi! Binamu wa nyuma wanatoka kwa kundi, wanacheza, wamenyanyua sufuria moja juu ya vichwa vya watu wanane, na wanashangiliwa kama wameleta ng'ombe. Wewe wa VIP unaitwa peke yako, jina, cheo na shule unayofundisha. Unatembea na bahasha yako nyembamba katikati ya ukumbi uliokaa kimya ukiikadiria. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akiuliza kwa sauti, "Hiyo ni pesa ama barua?"

Wenye pesa za kweli Butembo nimewaona wanakokula. Mzigo wao unatoka Guangzhou na Dubai, unashuka Mombasa, unavuka Kenya na Uganda, unaingia Kasindi, na wenyewe wamevaa koti lenye umri mkubwa kuliko mtoto wao wa kwanza. Wanakaa kwenye benchi la mama mmoja nyuma ya soko, bega kwa bega na wapakia mizigo, sahani ya maharage na sombe kwenye mapaja. Watasema ni unyenyekevu. Majirani watasema ni ubahili, na majirani hawako mbali na ukweli. Ila sikiliza maongezi ya benchi hilo. Lori la nani limelala Kasindi. Barabara ya Beni imeamkaje. Nani ana nafasi kwenye kontena. Dola leo ni ngapi, na itakuwa ngapi jioni. Mtu anamaliza maharage yake na ameshafanya biashara ya wiki. Shemeji yangu wakati huo yuko nyuma ya pazia, anaongea na jenereta.

Club 33 sijaingia, na kwa mshahara wangu orodha yao haina haja ya kuniogopa. Labda kule mpishi wa wanachama ni mwingine, na sufuria ni nyingine, basi walipe. Kwetu sufuria ni moja, jiko ni moja, na unalipa zaidi ili ukae mbali nalo. Hukumu yangu ni kwamba hailipi.

Isipokuwa kwa mtu mmoja: aliye na deni. Kama ukumbini ameketi mtu uliyemwahidi kumlipa mwisho wa mwezi, na mwezi umeisha, ingia VIP bila kuuliza bei, na uliza kwanza kama ina mlango wa nyuma.