Banda Lililopandishwa Cheo

Uani kwa nyumba pacha ya miaka ya 1930, karibu na Kenton Road, London. Usiku wa manane. Mpangaji amelala. Banda la bustani linaongea na sufuria kuukuu ya Nairobi, iliyofudikizwa juu ya friji.

BANDA: Shikamoo, bibi. Umesikia? Leo mwenye nyumba ameniita "studio".

SUFURIA: Marahaba, mjukuu wangu. Studio! Si juzi tu ulikuwa unalala na mashine ya kukatia majani?

BANDA: Hayo yamepita. Sasa nina kitanda, soketi mbili na pazia.

SUFURIA: Na kuvu nyuma ya pazia.

BANDA: Unyevu tu huo. Ila jirani alichungulia juu ya ua akatema neno moja: "slum". Limenichoma!

SUFURIA: Usilie, mbao zitaoza. Neno lenyewe halina ukoo wa kujivunia. Mwaka 1812 James Hardy Vaux, mwizi wa Kiingereza aliyepelekwa kifungoni Australia, aliandika msamiati wa lugha ya wahuni wenzake. Humo "slum" ni chumba. Chumba tu, basi.

BANDA: Aa! Kumbe sijatukanwa.

SUFURIA: Subiri. Mwaka 1850 Kadinali Wiseman akalitumia kueleza vichochoro vya Westminster, pale pale ubavuni mwa kanisa wanakotawazwa wafalme. Magazeti yakalidaka. Neno la wezi likavishwa joho.

BANDA: Kwa hiyo ni la hapa hapa London?

SUFURIA: Mzaliwa kabisa. Kisha likapanda meli. Kule kwetu lilipiga kambi Kibera, mahali ambapo askari Wanubi wa King's African Rifles walipaita Kibra, yaani msitu. Wageni wanaokuja na kamera hawaulizi habari za msitu.

BANDA: Na kwa Kiswahili "slum" inaitwaje?

SUFURIA: Mtaa wa mabanda.

(Kimya. Bawaba inalia.)

BANDA: Bibi, ungenidanganya kidogo.

SUFURIA: Ndiyo hivyo. Mimi nililetwa 1968. Baba yake mwenye nyumba alikuwa Mhindi wa Nairobi mwenye pasipoti ya Uingereza. Alinifunga kwa shuka, akakimbilia ndege kabla sheria ya uhamiaji ya Machi haijamfungia mlango. Tulifikia chumba kimoja, watu wanane. Leo dal, kesho ugali, dirisha linatoka jasho. Unadhani majirani walikiitaje chumba kile?

BANDA: Studio?

SUFURIA: Mh.

BANDA: Na mwanawe, aliyelala chumba hicho, ndiye anayenipangisha?

SUFURIA: Alikuwa mdogo. Alilala miguuni. Labda ndiyo maana anaona kitanda chako ni kipana.

BANDA: Halmashauri ikijua je?

SUFURIA: Mwaka 2013 halmashauri ya mji wa Slough ilirusha ndege yenye kamera ya joto, kusaka mabanda yanayolaliwa. Banda lenye mtu ndani huonekana jeupe kama mwezi.

BANDA: Bibi! Mpangaji ameamka. Amekushika ukingo kwa soksi!

SUFURIA: Afanyeje, nami sikuumbwa na mikono? Anachemsha maji. Ana baridi.

BANDA: Tutang'aa! Tutaonekana hadi mawinguni!

SUFURIA: Si ulitaka ustudio? Studio haikosi taa.